Pauni Mia Mbili za Mzee Fanuel

Mgeni alipoandika kwamba anaitwa Wesley, Celestine alitarajia mtu wa hapo jirani tu, wa Rongo. Kumbe ni Mwingereza mzima, mstaafu mwenye kofia pana na Kiswahili cha vitabuni. Alikuwa amelipia chumba cha wiki nzima kabla hata ya kufika Karungu. Chakula angelipa kila anapokula. Vyumba vya Celestine ni viwili tu, na mtalii kutoka ng'ambo alikuwa hajawahi kulala humo. Neno moja la huyu kwenye mtandao lingemletea wageni wengine au lingemfungia biashara. Celestine alilijua hilo, akamkaangia samaki kwa moyo wote.

Siku ya tatu, Alhamisi, Wesley akakipenda kigoda. Mzee Fanuel, baba mkwe wa Celestine, alikuwa amekichonga kwa gogo moja, wiki tatu nzima, bila msumari hata mmoja.

"Naomba kufahamu bei yake," alisema Wesley.

"Pauni mia mbili tu."

Mgeni alikitazama kigoda tena. "Je, ninaweza kulipa kwa shilingi?"

"Sasa utalipa na nini ingine?" Mzee akacheka.

Celestine alikuwa papo hapo, akisikia kila kitu, na wala hakushtuka. Wazee wa kule, hasa kwenye soko la ng'ombe, bado huhesabu kwa pauni, na pauni yao ni shilingi ishirini, basi. Ni hesabu iliyobaki tangu enzi za mkoloni. Pauni mia mbili ni elfu nne. Tena Mzee alikuwa amempunguzia.

Ijumaa Wesley alikwenda Migori mjini kubadilisha pesa. Alirudi jua likielekea kuzama, akamkabidhi Mzee bahasha. Mzee aliipokea kwa mikono miwili na kuitia kabatini bila kuifungua. Kwake yeye, kuhesabu pesa mbele ya aliyekupa ni kumwita mwizi. Halafu Sabato ilikuwa inaingia, na katika nyumba ya Fanuel pesa haiguswi mpaka jua la Jumamosi lizame.

Jioni ile Wesley hakutaka kula. "Nimeshiba, ahsante." Kushiba nini, na ametoka Migori na chupa ya maji tu? Asubuhi akafunga mizigo, siku tatu zikiwa zimebaki, akasema anakwenda Homa Bay kungoja basi la Jumapili. Kuaga, aliwapa ncha za vidole tu badala ya mkono. Celestine alishinda kanisani akijiuliza kama ni chumvi iliyozidi au, Mungu apishe mbali, kunguni.

Jua lilipozama Mzee alifungua bahasha. Akahesabu. Akahesabu tena. Noti za elfu moja, thelathini na nne.

"Celestine! Yawa, huyu mgeni amechanganyikiwa?"

Celestine alizitazama zile noti, akakumbuka mgeni ametoka nchi gani.

"Baba, pauni ya kwao si kama yetu."

Mzee alikaa chini. Miaka sabini na miwili hajachukua hata kuku wa mtu. "Atasema nimemwibia," akasema. "Nyathina, mwanangu, mrudishie zote. Hata hiyo elfu nne sitaki."

Walimpigia Wesley mara kumi. Simu imezimwa.

Jumapili saa tatu asubuhi Celestine alishuka pikipiki pale Homa Bay. Kama basi limeondoka, jina lao limeondoka nalo. Lakini Wesley alikuwepo, kwenye benchi la ofisi ya basi, kigoda mapajani.

Celestine hakumsalimia hata. Alimtia bahasha mkononi, maneno yakamwagika: "Hiyo pauni Mzee alisema ni ya huku kwetu. Ni shilingi ishirini. Kiti ni elfu nne peke yake! Mzee hata hakuwa ameangalia pesa, ilikuwa Sabato. Sasa amekataa kula."

"Shilingi ishirini," Wesley alirudia polepole. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyepona. "Nilidhani kubishana na mzee ni utovu wa adabu. Hiyo ilikuwa pesa yangu yote ya chakula."

Akawasha simu, akamwonyesha Celestine alichokuwa ameandika cha kuweka mtandaoni kuhusu nyumba yake. Kilikuwa kirefu na kikali. "Sikukituma. Nilizima simu nisije nikakituma kwa hasira." Akakifuta Celestine akiona.

Machozi yalimtoka Celestine palepale stendi, wala hakuyaficha.

Wesley alimrudishia noti nne za Mzee, wakaingia hoteli ya jirani kwa samaki na ugali. Alikula bila kuinua kichwa. Katikati ya kula Celestine akampigia Mzee na kumpa mgeni simu.

"Mzee, tafadhali kula chakula chako," alisema Wesley. "Mimi ninakula changu."

Sauti ya Mzee ikasikika ikimwita mkewe kwa nguvu: "Truphena, kel kuon!"

"Anasemaje?" Wesley aliuliza.

"Anaitisha ugali."