Bendi Namba Tatu

Haruka alipomaliza miaka yake miwili ya kufundisha kilimo cha mpunga hapa kijijini kwetu Mbingu, alimwachia mdogo wangu Restuta memori kadi na karatasi moja. Kwenye kadi kulikuwa na nyimbo za bendi tano za kwao Japani, na waimbaji wote ni wanawake. Simu yetu ndogo haikuweza kusoma maandishi yao, ilionyesha vijisanduku vitupu, kwa hiyo Haruka akatuandikia kwa Kiswahili chake:

1. Anzeni na hii. Dada anaimba kama anacheka, lakini hacheki.
2. Mpiga gitaa ni mama. Anapiga kama anapasua kuni.
3. Huyu anapiga kelele sana. Msiogope. Anasema tu bado niko hapa.
4. Ya kupikia.
5. Ya kulalia.

Restuta ana kifafa. Shule aliiachia darasa la tano, na nyimbo zile zikawa shule yake. Namba tatu ndiyo aliyoipenda. Mwimbaji anapasua sauti, "Mada!" na wenzake wanaitikia, "Koko ni iru!" Haruka alikuwa ametueleza: mada ni bado, hayo mengine ni niko hapa. Hata hivyo mwanzoni tulicheka sana, maana masikioni mwetu ilikuwa mada na koko, kama mkutano wa mbwa. Mimi kanisani huwa nafungua mdomo tu, sauti haitoki. Lakini tukiwa wawili shambani tunaamia ndege wasile mpunga, tuliimba. Siku nyingine nilianza mimi, siku nyingine yeye, na asiyeanza aliitikia.

Mwezi wa nne mvua ilikata barabara na vidonge vyake vikaisha. Wiki mbili hakumeza kitu. Siku moja akaanguka mara tatu, na alipozinduka, macho hayajakaa sawa, akawa anarudia, "Mada. Mada. Mada."

Shangazi Margareta alikuwepo. "Mada gani tena? Hii lugha ya nani?"

"Wimbo huo, shangazi," nikasema.

Lakini alishatoka, na kabla ya jioni kijiji kizima kilijua kwamba kuna kitu kinasema ndani ya Restuta.

Barabara ilipofunguka nilikwenda Ifakara kufuata dawa. Nesi alinishika mkono. "Msikatishe tena, umenisikia? Dawa hii ukiikatisha ghafla inaweza kumuua." Niliporudi nilikuta kitanda kitupu. Baba alikuwa amempeleka kwa Mtumishi Beatus, ng'ambo ya reli. Maombi ya siku saba, kufunga kukavu. Hakuna chakula, hakuna maji, hakuna dawa. Hiyo ilikuwa siku ya pili.

Nilimkuta baba uani, kwenye benchi, kofia magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usianze, Febronia."

"Nimeleta vidonge."

"Miaka minne nampakia kwenye baiskeli kwa ajili ya hivyo vidonge. Amepona?"

"Hajapona. Ila alikuwa haanguki."

"Ameanguka mbele ya macho yangu!"

"Vilikuwa vimeisha, baba."

Akageuza uso. Si mtu mbaya baba. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka humsikiliza anayemwahidi mwisho.

Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wengine, shangazi akiwamo, nikatazama. Vibanda vilikuwa vitatu, vya udongo, na milango imefungwa kwa nje. Anayeingizwa alipekuliwa mfuko na kiunoni. Pindo la kanga hawakuligusa. Nikavitoa vidonge kumi na vinne kwenye bahasha, nikavifunga pindoni mwangu taratibu.

Mtumishi Beatus akatoka, shati jeupe limenyooshwa, sauti ya upole kuliko nilivyotegemea. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba ni kifafa, na kwamba mada ni neno la wimbo. Kisha nikabonyeza simu, namba tatu.

Yule dada wa Japani akapiga ukelele. Wanawake wakaziba masikio. "Yesu na Maria!" shangazi akaruka.

Beatus akaichukua simu, akatoa kadi, akaivunja kwa vidole viwili. "Mlango lilipopitia pepo hili ndio huu."

"Ni wimbo tu, Mtumishi. Maana yake imeandikwa." Nikampa karatasi.

Akaisoma kwa sauti. "Anasema tu bado niko hapa." Akainua macho. "Nani yuko hapa?"

Baba akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Ni maneno ya kawaida ya Kijapani," nikasema. "Hata mimi nayajua."

"Kijapani!" shangazi akacheka. "Hesabu za darasa la saba zilikushinda, Kijapani umekijulia wapi?"

Nikasimama. Siwezi kusema kwamba nilipanga, lakini vidonge vilikuwa pindoni kabla sijafungua mdomo. Nikaimba mbele za watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Mada!"

Kutoka kibanda cha mwisho sauti iliyopasuka ikaitikia, "Koko ni iru!"

Watu wote wakainuka.

"Yanaitana," Beatus akasema polepole. "Yako mawili. Mtieni naye huko huko."

Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama reli.

Shangazi ndiye aliyenipekua. Mfuko, kiuno, basi. Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Restuta alikuwa chini, mikono imefungwa kwa kipande cha kitenge, midomo imekauka, ulimi ameuuma. "Dada," alisema. "Maji." Sikuwa na maji. Nikatafuna kidonge mpaka kikawa unga wenye mate, nikamwekea mdomoni kama wanavyolishwa watoto wachanga. Kabla hajameza, shingo ikakaza.

Nikamlaza ubavu kama nesi alivyotufundisha, nikaanza kuhesabu. Siku zote nikifika mia anaachia. Mia ikapita. Mia mbili ikapita. Nje walikuwa wanapiga makofi na kuimba. Nilikuwa mia tatu na kumi mwili ulipolegea, na dawa ikatoka pamoja na povu, yote, ikashuka shavuni mpaka kwenye vumbi.

Nikafungua mikono yake. Nikafungua pindo. Vilibaki kumi na vitatu. Nikaweka kimoja kati ya meno yangu, nikasubiri nione kama ana nguvu ya kumeza. Pumzi ilikuwa inakuja, inakawia, inakuja. Nikainama sikioni kwake.

"Mada," nikasema.

Nikatega sikio. Nikasema tena.