Sesheni ya Luzira

Ruqayya alikuwa amefika kwenye kompyuta ya saba pale mashine kuu ilipomkatalia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ila ilitaka mtu mwenye subira. Kampuni ya maghala aliyoifanyia kazi, kule upande wa viwanda wa Bugolobi, iliweka kumbukumbu zake zote ndani ya kompyuta moja ya zamani, kubwa kama friji, iliyokaa peke yake kwenye chumba cha baridi nyuma ya stoo. Kila mzigo ulioingia ghalani na kila uliotoka uliandikwa humo. Miaka mingi wafanyakazi walikuwa wakiifikia kwa skrini nzito za maandishi ya kijani. Skrini hizo zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, na sasa zimeletwa kompyuta za mkononi kumi na sita. Katika kila moja Ruqayya alitakiwa aweke programu inayoigiza ile skrini ya kale, kisha aandae sesheni, yaani njia ambayo kompyuta ndogo itapitia kuzungumza na ile kubwa. Aliandika anwani ya mashine kuu na namba ya poti, yaani mlango wa kuingilia, akachagua skrini ya mistari ishirini na minne, mwisho akaipa sesheni jina. Hapo kwenye jina hapakuwa na mzaha. Mashine kuu haikubali watu wawili waje kwa jina moja.

Ya saba aliipa jina LUZ01. Lilikuwa jina la ghala la Luzira, jirani na Port Bell, lililofungwa miezi minane nyuma, na bosi wake alikuwa amelipanga apewe karani mpya wa mapokezi. Akabonyeza. Skrini ikajibu kwamba jina hilo linatumika.

Akajaribu tena. Linatumika.

Alivaa sweta lake akaingia chumba cha baridi, akakaa mbele ya skrini ya msimamizi na kufungua orodha ya waliomo. Akaliona. LUZ01, mtumiaji OTEMA, ameingia saa moja na dakika hamsini na nane asubuhi. Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu za jana, saa hiyo hiyo. Za juzi, vivyo hivyo. Hata Jumamosi alikuwepo.

Utaratibu ulikuwa kuikata sesheni kama hiyo bila kuuliza. Ruqayya aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa. Mashine ile ilikuwa na amri ya kumpelekea ujumbe yeyote aliyemo, amri ambayo hakuna aliyeitumia tena tangu simu za mkononi zienee. Aliiandika, na maneno yakamtoka kwa Kiswahili.

"Nani anatumia LUZ01?"

Hakujua kwa nini amechagua Kiswahili. Ofisini walizungumza Kiingereza, na kwenye korido Kiluganda. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani. Babu wa babu yake alifika Buganda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, akaoa, akafungua duka, na kizazi baada ya kizazi lugha haikutoka mlangoni mwao. Lakini mama yake, Bi Sabah, alifariki Ramadhani iliyopita, na kaka yake Fahim alikuwa Sharjah na watoto waliomwamkia shangazi yao kwa Kiingereza kila Ijumaa. Ruqayya alibaki kwenye fleti ya Bugolobi, vyumba viwili na jiko. Siku nyingine alijikuta anamsemesha kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, aliyetua kwenye paa la jirani, ili mradi asikie maneno yale yakitamkwa.

Jibu lilichukua dakika nne.

"NI MIMI OTEMA. NYINYI IKO NANI? MI NALIDHANI HUKO WATU YOTE WALIENDA."

Ruqayya alicheka peke yake mle chumbani. Mama yake angesahihisha mambo matatu katika mstari ule, na kila moja angelisahihisha kwa furaha.

"Mimi ni Ruqayya, fundi wa kompyuta. Shikamoo. Unafanya nini huko? Ghala limefungwa."

"MARAHABA NYABO. NAJUA IMEFUNGWA. NANGOJA BARUA."

Nyabo ni mama kwa heshima ya Kiluganda. Alijibiwa kidogo kidogo, maana mashine haikuruhusu ujumbe uzidi mistari miwili. Ghala lilipofungwa, wenzake wanane walipewa barua za uhamisho au za kuachishwa kazi. Yeye aliambiwa alinde funguo mpaka barua yake ije. Haikuja. Basi kila asubuhi alifungua lango, akawasha kompyuta kuukuu iliyobaki kwenye kibanda, na kuandika tarehe pamoja na maneno yale yale: hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka. Adhuhuri alifunga akaenda zake.

"Hukupiga simu ofisini?"

"NALIPIGA MARA MINGI. MTU ANASEMA NGOJA. NAMBA IKAACHA KUITA."

Ruqayya aliangalia saa. Alitakiwa amkate. Badala yake alirudi mezani, akairuka kompyuta ya saba, akaendelea na ya nane.

Kesho yake alifika kazini saa moja na nusu, kabla hata mlinzi hajamaliza chai yake. Saa moja na dakika hamsini na nane jina likatokea kwenye orodha.

"Habari ya asubuhi, Mzee Otema."

"MUZURI NYABO. UMEAMKAJE?"

Ikawa desturi. Alijua kwamba angeweza kuomba namba yake ya simu, na kwamba Otema naye angeweza kuomba yake. Hakuna aliyeomba. Kwenye skrini ile hapakuwa na sauti wala uso, na pengine ndiyo sababu walisema mengi. Otema alimwambia kuwa alizaliwa Luzira kwenye nyumba za askari magereza. Baba yake, Oryem, alitoka Kitgum akiwa kijana akavaa sare. Kiswahili alikiokota humo kwenye laini za askari, ambako watoto wa Kiacholi, Kilugbara na Kiteso walicheza pamoja na hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana. Mkewe Docus alifariki mwaka mmoja kabla ya ghala kufungwa. Binti yake Anena alikuwa Kitgum, mwalimu, ana watoto.

"Kwa nini huendi kwake?"

"NIKIENDA BARUA IKIKUJA ITAKUTA NANI?"

Naye Ruqayya alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba bado anafua khanga za mama yake kila mwisho wa mwezi, ingawa hakuna anayezivaa. Kwamba hajaweza kupika wali wa mtu mmoja, kila siku unabaki.

"MIMI NAPIKA YA WATU MBILI NAKULA YOTE," Otema aliandika. "DAWA IKO HIYO TU."

Wiki ya tatu ikaingia. Kompyuta kumi na tano zilikuwa tayari zinafanya kazi. Zubairi, bosi wake, mtu mpole aliyependa mambo yaishe kwa wakati, alisimama mbele ya meza yake na orodha mkononi.

"Ruqayya, hii ya saba ina nini? Karani anaanza Jumatatu."

"Mashine kuu ina nafasi ya sesheni kumi na sita tu, bosi. Kumi na tano ni hizi zetu. Ya kumi na sita ina mtu."

"Mtu gani?"

"LUZ01. Ghala la Luzira."

"Luzira tulifunga. Ikate basi."

Ruqayya angeweza kusema ni hitilafu, akanunua wiki nyingine. Lakini aliona kwamba hata akiinunua, atakuwa anamweka mzee wa watu kwenye kibanda kwa ajili ya asubuhi zake mwenyewe. Wazo hilo lilimtia aibu.

"Kuna mfanyakazi wetu kule," alisema. "Anaitwa Otema. Anafungua kila siku, anaandika. Aliambiwa angoje barua, na hakuna aliyempelekea."

Zubairi alivuta kiti akaketi. "Miezi minane?"

"Miezi minane."

Zubairi alitoka akaenda ofisi ya utumishi, na mlango wa ofisi yake mwenyewe ukakaa wazi mchana kutwa. Siku ya pili akaja na bahasha. Barua ya Otema ilikuwa imechapwa mwezi ule ule wa kufunga ghala, ikabaki ndani ya faili la ofisa aliyehama kazi. Haikuwa ya uhamisho. Ilikuwa ya kumstaafisha.

"Tutamtuma dereva," Zubairi alisema.

"Hapana. Nitaipeleka mwenyewe."

Alikwenda Ijumaa asubuhi kwa bodaboda, amekaa upande, bahasha ndani ya mkoba. Hakumwandikia Otema kwamba anakuja. Alijaribu mara mbili akafuta.

Mtu aliyemfungulia lango alikuwa mrefu kuliko alivyomfikiria, nywele zake nyeupe zimenyolewa chini, shati limepigwa pasi likachomekwa vizuri. Walitazamana kama watu waliokutana mlangoni mwa benki.

"Mimi ni Ruqayya," alisema. "Wa kwenye kompyuta."

"Eh." Otema alitazama viatu vyake. "Karibu, madam."

Kwenye skrini alikuwa nyabo. Ruqayya alilisikia neno lile jipya na hakulipenda. Alijaribu kumsemesha kama walivyozoea, akauliza usiku ulikwendaje, lakini Kiswahili chake cha nyumbani, chenye kila kiungo mahali pake, kilimtia mzee haya. Otema alijibu kwa neno moja moja, akachanganya na Kiingereza, akampangusia kiti kwa kiganja.

Kibanda kilikuwa safi. Kulikuwa na kalenda, jiko dogo la mkaa nje ya mlango, na kompyuta yenye kioo cha mgongo mkubwa. Ruqayya alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili.

Otema aliisoma akiwa amesimama, akaanza tena toka juu, kisha akaikunja kwa mikunjo yake ile ile.

"Ni wewe umewaambia mimi niko hapa?"

"Ni mimi. Nilidhani watakupa kazi Bugolobi. Ningenyamaza ungeendelea kuwa hapa."

"Ningeendelea," Otema alikubali. Alitazama uwanja mtupu wa ghala ambako magari yalikuwa yakigeuzia. "Mi nangoja barua. Sikusema nangoja barua muzuri. Sasa imekuja, naweza enda."

Hakumfariji, wala hakumlaumu. Ruqayya angependa apate kimojawapo.

Otema aliomba aandike siku ile ya mwisho. Aliketi, akaandika kwa vidole viwili tarehe na maneno yake ya kila siku. Halafu akasita.

"Nitie nini ingine?"

"Andika unachotaka, mzee."

Alifikiri, akaandika: FUNGUO NAMEPATIA RUQAYYA. Kisha akatoka kwenye sesheni jinsi ilivyotakiwa, hatua kwa hatua, bila kuzima mashine ovyo. Skrini ikabaki na mstari mmoja wa kumuuliza mtu jina lake.

Alimpa chakula. Viazi vitamu na malakwang, mboga chungu iliyopikwa kwa siagi ya ufuta, ambayo alikuwa ameibandika kabla hajajua kuna mgeni. Walikula wakitazama lango. Ruqayya alisema ni tamu, na ilikuwa tamu. Otema alisema Docus alikuwa anaipika vizuri zaidi. Walipomaliza alifunga lango, akamkabidhi Ruqayya funguo, akamsindikiza mpaka barabarani, akamchagulia bodaboda aliyemjua, akamwambia dereva aende polepole.

"Asante, nyabo," alisema mwishoni, na pikipiki ilikuwa imekwisha ondoka.

Jumatatu Ruqayya aliwasha kompyuta ya saba. Aliandika anwani, poti, mistari ishirini na minne, na jina LUZ01. Safari hii mashine kuu ilikubali mara moja. Karani mpya, Nusura, msichana mchangamfu wa Kabalagala, alimuuliza LUZ maana yake nini.

"Luzira," Ruqayya alimjibu. "Tulikuwa na ghala huko."

Kwa siku kadhaa aliendelea kufika saa moja na nusu, mwili ukiwa umezoea, akakaa chumba cha baridi na sweta lake bila kazi. Baadaye akaanza kufika saa mbili kama wengine.

Namba ya Otema aliitoa kwenye faili la utumishi. Mara ya kwanza alipompigia, mzee alikuwa amekwisha hamia Kitgum, na upepo ulipiga sana kwenye simu. Alisema mvua imenyesha vizuri. Ruqayya alisema Kampala pia. Wakakaa wakisikilizana wakipumua, kisha salio likaisha.

Mara ya pili alipokea Anena. Alisema baba yuko shambani na wajukuu, atarudi jua likipungua, akauliza amwambie nani amepiga.

"Mwambie Ruqayya wa Kampala."

Anena alingoja zaidi, kama mtu aliyeshika kalamu.

"Tulifanya kazi pamoja," Ruqayya akaongeza.