Maji ya Mwisho ya Jamiru

Jamiru alikufa asubuhi, na mpaka alasiri hakuna mwanamume wa Busia aliyekuwa tayari kumgusa. Alikuwa mlinzi wa stoo ya pamba ya Mzee Osman, mtu wa upande wa Iganga, asiye na ukoo huku. Zamani aliugua ukoma, akatibiwa hospitali ya Alupe hadi akaambiwa amepona, arudi kwa watu. Ugonjwa ulikuwa umekula vidole vyake vyote. Watu nao walimpisha njia mpaka siku aliyokufa, maana kupona ni jambo moja, na majirani kukubali kwamba umepona ni jambo jingine kabisa.

Maiti ililala uani kwenye kitanda cha kuoshea kilichotoka msikitini, imezungukwa na pazia la magunia. Kaburi lilikuwa tayari. Sanda ilikuwa tayari. Waliokosekana ni waoshaji. Mwalimu wa madrasa alituma salamu kwamba ana homa, na wengine hawakujisumbua hata kutafuta homa.

"Mzee, mimi niko na watoto," alisema Dauda, dereva wa lori la Osman, akiwa amesimama langoni. "Huyu tumzike hivyo tu. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," Osman akajibu. "Mimi ndio sitaelewa. Nani atanichotea maji?"

Watu wakatazama chini. Ojiambo, aliyebeba magunia katika stoo hiyo, akasema, "Mimi."

"Wewe si Mwislamu."

"Hata maji si Mwislamu, mzee."

Siku nyingine angepigwa kofi, kwa kuwa Osman alikuwa mtu wa kufoka. Leo alimtazama tu. "Chota basi. Lakini kumgusa, usimguse. Hiyo ni kazi yetu."

Ojiambo alichota, shati lake la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na chake kilikuwa nguoni kwelikweli. Tangu mvua za mwaka uliopita, baka lililopauka lilikuwa limetokea kwenye mkono wake wa kushoto. Kila alfajiri alilichoma kwa mwiba wa mchungwa akiomba limuume, na kila alfajiri halikumuuma. Hakuwa amemwambia mtu.

Alijua mwisho wake, au alidhani anaujua. Kaka yake Josiah alikufa kwa ukoma huo huo. Wazee wa ukoo waliamua avutwe kwa mkeka mpaka kando ya kinamasi cha mto Sio, azikwe huko bila kuoshwa, na wafiwa wasinyoe nywele. Nyumbani kwao, msiponyoa ni kama hakuna aliyekufa. Ojiambo alisimama pale mikono ameiweka nyuma, akatii. Tangu siku hiyo swali moja lilimkaa kifuani: kama mtu anaweza kutupwa hivyo, basi alizaliwa ili iweje? Alilipeleka misheni Butula, akalipeleka Malaba kwa waliookoka, waliokuwa wakiimba karibu na stesheni ya reli. Wote walimjibu kwa upole, kwa maneno mazuri. Aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani, na kila alipofika alikuta Josiah bado yuko kinamasini.

Nyuma ya pazia, Osman alikunja kanzu yake na kupiga bismillahi. Ojiambo aliona wazi kwamba mzee anaogopa kama wale wa langoni. Hata hivyo aliingiza kitambaa majini na kuanza kumsafisha marehemu chini ya shuka, akihakikisha shuka haifunuki. Ojiambo akamimina maji kutoka kwenye birika.

"Samahani, Jamiru," Osman akasema kwa sauti ndogo. "Maji ni baridi kidogo."

Huyu ndiye Osman aliyekuwa akimtukana Jamiru kila siku kwa kusinzia kazini.

Ikafika wakati wa kumlaza ubavu. Jamiru alikuwa mtu mzito, na Osman alijaribu peke yake akashindwa. Nusura maiti ianguke. "Dauda!" akaita. "Dauda, shika tu miguu!" Kupitia upenyo wa magunia walimwona Dauda akiangalia viatu vyake. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa Uganda. Osman aliketi kwenye kigoda, kanzu imelowa, akafunika uso.

"Mzee," Ojiambo akasema, "yale maneno mtu anasema akiingia dini yenu. Nisemeshe."

"Usimchezee Mungu kwa sababu ya maiti."

"Sichezi."

Akafungua kifungo. Akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akamwonyesha. Osman alitazama baka lile.

"Kaka yangu alikufa na hii, wakamtupa," Ojiambo akasema. "Nimeuliza kila mahali mtu ni nini. Leo nimesikia wewe ukiomba maiti msamaha juu ya maji baridi. Huyo Mungu aliyekutuma, mimi namtaka. Na mimi nikifa hivi, mtaniosha?"

Osman aliushika mkono ule kwa mkono wake uliolowa, akabonyeza pale pale kwenye baka. "Unasikia?"

"Sisikii, mzee."

"Mjinga wewe! Kesho asubuhi uko Alupe. Dawa iko, na wewe unaficha!" Kisha sauti ikamshuka. "Nitakuosha. Nikitangulia mimi, utaniosha wewe."

Akamnawisha, akamsemesha shahada pole pole. Ulimi wa Ojiambo ulijikwaa, wakarudia. Hakuona mwanga wala hakusikia sauti. Alisadiki tu, kwa moyo wake wote, kwamba yuko aliyemjua Josiah kwa jina siku ile kinamasini, na kwamba hajamsahau. Hofu haikuondoka, ila haikuwa tena peke yake ndani yake.

Walimgeuza Jamiru pamoja, mara moja tu, akageuka. Osman akampa Ojiambo kitambaa aoshe mkono wa marehemu. Ojiambo akasugua haraka haraka, kama mtu anayesugua sufuria, mahali palipokuwa na vidole.

"Pole pole," Osman akasema. "Huyo ni ndugu yako."

Ojiambo alisimama na ule mkono mkononi mwake. Machozi ambayo hayakumwagwa kando ya mto Sio yakamtoka, akayaacha yatoke. Kupitia upenyo wa magunia Dauda alionekana akivua viatu. Ojiambo akalowesha kitambaa upya, akaanza tena, pole pole, kwa mkono wa kulia, ule unaosikia.