Tope Lililonyimwa Hewa

Mwaka ule wa mgao wa umeme, kiwanda cha dawa za kuua magugu jirani na Kiwalani kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu binafsi. Kokuberwa, fundi wa majitaka, alibakizwa kazini aendelee na tangi lake. Ndani mlikuwa na tope la kahawia lililojaa vijidudu, ambavyo alivizoesha kidogo kidogo kula sumu iliyobaki kwenye maji ya kuoshea mitambo. Bila hewa ya kupulizwa na mashine, vijidudu vile haviishi.

Meneja mpya, Augustine, akaamuru jenereta iendeshe mitambo ya kufungasha tu.

"Mashine ya hewa isubiri umeme urudi."

"Vijidudu vitakufa, bosi."

"Vijidudu haviuzwi."

Haukupita muda tope likawa jeusi, likanuka kama mayai viza. Maji yakazidi kumiminika kijitoni na sumu yake yote.

Ndipo Mwanaheri, mama mtu mzima aliyelima mboga bondeni, akaja getini na fungu la matembele yaliyojikunja na kuungua.

"Shikamoo, mama," Kokuberwa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Haya nimeyamwagilia maji ya mtoni. Ya juzi wajukuu wangu wameyala. Wamekula nini?"

Kokuberwa alimpeleka kwa meneja. Augustine aliyatupia jicho matembele, akasema ni jua.

"Nimelima bonde lile tangu sijaolewa," Mwanaheri alisema. "Leo unanifundisha jua?"

Augustine akamwita mlinzi amtoe. Kokuberwa alipomwona mama yule anakokotwa kama mwizi, alikimbilia chumba cha kufungashia. Akawaambia wafungashaji watoke nje, akashuka hadi penye tangi, akafunga koki ya kutolea maji na kung'oa mpini wake. Tangi likajaa, maji yakarudi nyuma hadi sakafu ya kufungashia. Mitambo ikabidi izimwe.

"Fungua," Augustine alifoka.

"Lete tope jipya lenye vijidudu hai, washa hewa, maji yasafike kwanza."

"Huna kazi."

"Sawa. Ila mpini ninao mie."

Augustine alikubali, maana bila koki ile hakuna kilichofungashwa. Hewa iliwashwa, tope likaletwa kwa gari. Vijidudu vilipozoea sumu na maji kusafika, Kokuberwa alikabidhi mpini na kufukuzwa siku hiyohiyo.

Alikwenda bondeni kumsaidia Mwanaheri kung'oa matembele yaliyoungua. Wajukuu, kwa bahati, walikuwa wazima. Walizika yale majani mbali na maji, na kutoka kiwandani hakuja mtu hata wa kusema pole.