Ukuta wa Milango

Kwa jina Lake ambalo ulimi wetu haulitamki, Mwenye kuufunga usiku na kuufungua mchana, naanza. Ashukuriwe aliyetubakiza, ijapokuwa hakutwambia sababu.

Niwapange watu mahali pao. Wa kwanza ni Rabi Nuta, aliyekuwa na chuo kizima kule Poland na sasa ana wanafunzi wachache, kila mmoja ndiye pekee aliyesalia katika watu wa mji wake. Kisha Brayndl na mumewe Lipa, seremala, waliooana humu kambini kwa pete ya kuazima. Kisha mwana wao mchanga, asiye na jina bado, kwa kuwa kwetu jina hutolewa siku ya tohara. Wa mwisho ni mimi Anshl, mtunza nyumba ya sala, ambayo zamani ilikuwa zizi la farasi wa jeshi.

Vita vilikuwa vimekwisha mwaka mzima na zaidi, nasi Wayahudi tulionusurika tungali Bavaria, huko huko Ujerumani, ndani ya seng'enge, tukingoja nchi itakayotukubali. Brayndl alipokuwa na mimba aliapa kwamba mwanawe hatatahiriwa ndani ya waya. Alimwendea ofisa wa Kimarekani, akafukuzwa, akarudi tena, hata yule bwana akachoka, akaahidi kuwa Ijumaa askari wake wataukata.

Ikasadifu siku ya nane ya mtoto, ndiyo siku ya tohara, kuwa Sabato. Tohara haikatazwi siku hiyo. Kinachokatazwa ni kubeba kitu, hata mtoto, kutoka nyumbani hadi njiani, isipokuwa mahali pamezungukwa na ukuta. Muda wote ule seng'enge ndiyo iliyokuwa ukuta wetu mbele ya sheria. Ikiondoka, mtoto hatoki bwenini. Na humo bwenini, nyuma ya pazia la blanketi, jirani alikuwa na kifua kikuu, na daktari alikwisha kataza watu kukusanyika.

Alhamisi Rabi akamwomba ofisa aahirishe kazi. Brayndl akamkuta ngazini pa nyumba ya sala, mtoto kifuani.

"Umewaambia wauache?"

"Hadi Jumapili tu, binti yangu."

"Mama yangu alifia nyuma ya waya kama ule, Rabi! Mwanangu akapewe jina chini yake? Heri akae bila jina."

Lipa akadakia, "Tazama mambo! Mjerumani kaondoka, Rabi wetu kashika zamu yake."

Nikangoja Rabi akemee. Hakukemea. Aliketi akafikicha macho.

"Seremala, mlango ni nini?"

"Ah, Rabi, leo si siku ya mafumbo."

"Miimo miwili, na kizingiti juu yake. Basi. Ubao si lazima. Ipange milango ubavu kwa ubavu, uizungushe kambi nzima, na sheria itauhesabu kuwa ni ukuta."

Brayndl akauliza, "Na mtu aweza kupita?"

"Popote."

"Popote?"

"Popote, binti yangu."

Rabi akaliondoa ombi lake; Ijumaa askari wakakata waya, nasi tukawafuata nyuma tukisimika nguzo za mahema. Wanawake wakatoa kamba zao za kuanikia nguo ziwe vizingiti. Lipa, kwa haraka, maana Sabato huingia jua likitua na kazi yote hukoma, akazipigilia misumari ubavuni mwa nguzo. Rabi akapita akikagua, akasimama.

"Lipa, kizingiti hukaa kichwani pa mwimo. Hiki umekining'iniza kama soksi."

"Jua lakimbia, Rabi!"

"Kimbia nalo, basi."

Tukang'oa misumari, tukaanza upya. Upande wa msituni, penye uwazi wa mwisho, kamba zikatuishia. Kilichobaki ni seng'enge yenyewe, imejikunja majanini. Hakuna aliyethubutu kuitaja. Brayndl akaniwekea mtoto mikononi, akachomoa koleo mkandani mwa mumewe, akaketi chini. Akaung'oa mwiba, na mwiba mwingine, vidole vikitoka damu, hata ule waya ukawa mtupu.

"Upandisheni," akasema, "kabla sijabadili nia."

Lipa alipoufunga juu ya nguzo, jua lilikuwa limegusa vilele vya miti.

Asubuhi ya Sabato mtoto akabebwa hadi nyumba ya sala. Akatahiriwa, akaitwa Kalman, jina la babu aliyemzaa mama yake. Tukaitikia amina.

Baadaye Brayndl akanipa mtoto, akaenda upande wa msituni, akapita chini ya waya ule, akasimama barabarani.

Lipa akamwita, "Waenda wapi, mke wangu?"

"Popote!"

Akatazama huku na huku. Upande mmoja ni mji wa watu waliotuona tukipelekwa kuuawa, wakafunga madirisha. Upande wa pili ni njia ya kwenda nchi ambazo hazijatujibu. Kalman akalia. Nikamkimbilia mama yake hadi kwenye nguzo, miguu ikanisimama. Mimi naweza kupita, lakini kumbeba mtoto nje ya ukuta ule siku ya Sabato hakukuwa halali.

"Mlete, Anshl," akasema, akinyoosha mikono.

"Siwezi, dada yangu. Wajua siwezi."

Akautazama waya juu ya kichwa changu kitambo kirefu. Mikono ikashuka. Akaingia, akamchukua mwanawe, akamnyonyesha papo hapo penye nguzo, uso ameuelekeza barabarani.

Ewe Mola, wabariki waliobaki. Mbariki Kalman na waliomzaa, na yeyote asimamaye mlangoni leo asijue pa kwenda. Uwape nchi, nao wawe hai waione. Amina.