Mwalimu Aliyezimuliwa

Jumatano asubuhi, mzee Eliezeri, mtunza maabara wa sekondari moja juu mlimani, Myamba, alifungua kichupa cha chembe za plastiki, za mviringo kama mbegu za mchicha lakini ndogo kuliko vumbi. Zikiwa nyingi zilionekana kama maziwa tu. Ili wanafunzi wazione mojamoja kwenye hadubini, alizimua kitone kimoja kwa vitone tisa vya maji, akatikisa, akazimua tena.

Maji safi ya dukani yalikwisha tangu Pasaka. Alikuwa amechota kwenye ndiva, bwawa ambalo wakulima hugawana maji yake kwa zamu. Haikuwa zamu ya shule.

Mwalimu Veneranda, mwalimu pekee wa sayansi, alichovya kidole kuona kama yana mchanga. Maji yale yalizoea kugawanywa, yakamgawa. Wakasimama akina Veneranda kumi, wepesi kiasi kwamba ubao ulisomeka nyuma yao.

"Mzee, umechota siku ya nani?" waliuliza.

"Ya akina Koleta, wa mashamba ya chini."

"Ungesema mapema. Sweta ninalo moja."

Siku hiyo madarasa yote manane yalipata mwalimu kwa wakati mmoja. Sauti ilikuwa hafifu, wanafunzi wakasogeza madawati mbele.

Taabu ilikuwa Ijumaa. Kwa miaka mitatu Veneranda alikuwa akiandika barua kuomba mwalimu wa pili, na sasa afisa Hezroni alikuwa anapanda mlima kuja kukagua.

"Tisa mjifiche stoo," alisema Eliezeri. "Akiwaona, barua yetu imekufa."

Walijibana nyuma ya magunia ya mahindi. Kisha kengele ya kipindi ikalia, na kwa mazoea wakatoka wote, kila mmoja na chaki yake.

Hezroni alihesabu mara mbili. "Kumi! Na bado mnalialia?"

"Ni mmoja huyo, mkuu. Amezimuliwa."

"Mzee, mimi nahesabu vichwa. Sikuja na mizani."

Jumatatu barua ya uhamisho ilifika: walimu tisa wa ziada waende shule tisa zisizo na mwalimu wa sayansi, kuanzia Vudee hadi Kihurio. Kesho yake walipanda basi la asubuhi, wakaenea kwenye kiti kimoja.

Wa kumi alibaki na vipindi vyake arobaini na vinane. Aliingia Kidato cha Pili, kipindi cha sita mfululizo, akainua chaki, ikamlemea. Akamwita Eliezeri, aliyeishia darasa la tano.

"Andika tarehe, mzee," alisema. "Mengine nitakunong'oneza."