Mlango wa Stoo Sebuleni kwa Papa Kethia

Kethia alikuwa na karatasi moja tu ya kusainiwa, na karatasi hiyo ilikuwa imelala juu ya friji wiki nzima. Bila saini ya baba yake hakuna safari ya Houston. Na bila yeye, klabu ya Semilla ingesimama bubu mbele ya waamuzi, kwa sababu msemaji wa klabu alikuwa yeye.

Semilla ilikuwa klabu ya wanafunzi wa Kilatino katika shule yake ya sekondari pale Fort Worth, Texas. Msichana wa kutoka Uvira, Kongo, aliingiaje humo? Ni hivi. Walipofika Marekani mwaka 2005, shule ilimtia katika darasa la wasiojua Kiingereza, na darasa zima lilikuwa linaongea Kihispania. Kethia akashika alichokisikia. Baada ya miezi minne baba yake, Vital, alikuwa anatamba kanisani kwamba binti yake anamwaga Kiingereza kama maji. Alitamba hadi siku alipompeleka ofisini akamtafsirie, na karani akasema samahani, yeye Kihispania hajui.

Sasa ilikuwa 2008 na Semilla ilikuwa imetimiza miaka kumi na tano. Kwa Wameksiko, msichana akifika umri huo hufanyiwa sherehe ambayo mtaa mzima haulali njaa. Basi wanachama wakaapa kwamba klabu yao nayo lazima ipate sherehe yake, na sherehe yenyewe ni kombe la Houston, ambako klabu za namna hiyo kutoka jimbo zima hukutana na kila moja hueleza ilikotoka na ilichofanya.

Vital alikuwa na jibu moja tu.

"Watu wanaotaka kumpeleka mtoto wangu Houston akalale huko, mimi nawajua? Waje hapa nyumbani, wakae kwenye kiti, waseme."

Kethia alimpelekea mwalimu mlezi wa klabu ujumbe huo. Mwalimu, Señora Treviño, alisema baba ana haki kabisa, na Jumamosi saa tisa alasiri watafika.

Kosa lao lilikuwa adabu nyingi mno. Señora Treviño alikuja na gauni la kwendea kanisani. Nyuma yake alikuja Don Chema, mzee wa kofia pana ambaye watoto wake wanne walipitia Semilla, amebeba kreti mbili za soda. Mkewe alifuata na keki nyeupe kubwa kama mto wa kulalia. Na mwisho kabisa alikuja mwenyekiti wa klabu, Iván, kijana wa miaka kumi na saba, ndani ya suti na tai, nywele zimelazwa kwa mafuta, mkononi ana maua ya mama mwenye nyumba.

Mama yake Kethia, Esperance, aliwaona dirishani wakivuka maegesho kwa msururu. Wazee, soda, keki, kijana mwenye tai. Hakuhitaji kuambiwa. Alipiga simu jengo la pili kwa shemeji yake.

"Placide, vaa koti. Wamekuja kuposa."

Placide, mdogo wake Vital, ndiye aliyekuwa msemaji katika posa zote za Wakongo wa Fort Worth. Wageni walikuwa hawajamaliza kusalimia alipoingia na koti lake, anahema, akajikalisha katikati ya kochi. Kethia alidhani amefuata keki.

Placide alikohoa kidogo, akaanza kazi.

"Kethia, uliza hawa watu. Wao ni ukoo gani? Na wamefanya nini duniani mpaka wanafikiri wanaweza kugonga mlango huu?"

Kethia akatafsiri. Señora Treviño aling'aa uso. Hilo ndilo swali la waamuzi wa Houston, neno kwa neno, na hapa kuna familia inayoitilia maanani klabu kuliko hata mkuu wa shule. Akasimulia. Mwaka 1993 wanafunzi saba waliomba chumba cha kukutania wakanyimwa, wakaanza kukutana kwenye stoo ya mafagio, wamekalia ndoo zilizogeuzwa. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwasomea wazazi barua za shule kila Jumamosi asubuhi. Mwaka 1996 mmoja wao akaingia chuo kikuu, wa kwanza. Mwaka 2001 walikusanya saini za wazazi hadi shule ikakubali kuweka mkalimani katika kila mkutano.

Esperance aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ukoo si mbaya.

Placide yeye hakuamini maneno matupu. Alitaka mashahidi. Don Chema aliposikia hivyo alimwita Iván wakatoka nje, wakarudi wamebeba mlango. Mlango wenyewe wa ile stoo, mzima, na bawaba zake. Ulikuwa kwenye pikapu ukienda kupigwa vanishi kwa ajili ya Houston, na juu yake kila aliyemaliza shule alikuwa ameandika jina lake. Wakausimamisha mbele ya televisheni. Placide alivaa miwani akayasoma majina yote mia na kumi na mawili kwa sauti, akiyakanyaga mengine vibaya, na wageni wakawa wanapiga makofi kila jina.

Hapo Esperance alimvuta Kethia mkono, akamnong'oneza aende avae kitenge, bibi harusi hakai na jinzi.

Kethia alihisi kicheko kikimpanda kutoka tumboni. Aling'ata midomo. Akisema ukweli sasa, baba yake ataaibika mbele ya Placide, na Vital aliyeaibika hasaini hata risiti. Akiendelea, ataolewa. Akaamua kuendelea kidogo.

Vital naye alikuwa na jasho. Hakutaka kuozesha mtu, ila huwezi kumfukuza mgeni aliyeleta soda. Alimwinamia Placide wakanong'onezana, kisha Placide akatamka mahari ya kuwakomoa: mbuzi watano, wazima, wanaotembea kwa miguu yao. Kethia akawatafsiria mbuzi tu, neno mahari akalimeza.

Don Chema alikuwa na mbuzi thelathini nyuma ya nyumba yake, nje ya mji. Alielewa kwamba familia hii inataka kuifanyia klabu karamu, akaguswa moyo. Watano ni wachache, alisema. Atatoa saba.

Uso wa Vital ulisawijika. Alisimama.

"Kethia, ambia hawa hivi. Mbuzi ni wazuri, aksanti. Lakini mimi niliacha shule darasa la tano, na leo ninabeba maboksi ya watu. Huyu haolewi. Huyu anamaliza shule."

Kethia alitafsiri yote, bila kupunguza neno. Iván alirudi nyuma hatua moja, akakalia keki.

Don Chema ndiye aliyeanza kucheka, kofia ikamtoka. Vital aliwatazama wote, kisha binti yake.

"Papa," alisema Kethia, "hawakuja kuposa. Wanataka saini."

Placide alivua miwani polepole. Hakuna aliyegusa soda. Kisha Señora Treviño alimwomba Kethia aseme hivi: baba amesema maneno ambayo yeye amekuwa akiwaambia wazazi kwa miaka kumi na tano, na hajawahi kuyasema vizuri namna hiyo. Kwenye mlango huu jina haliandikwi kabla mtu hajamaliza.

Vital alipitisha kiganja juu ya ubao.

"Na jina la huyu litakaa wapi?"

Iván, suruali imejaa keki, alimwonyesha nafasi karibu na bawaba ya chini. Vital akaichunguza muda mrefu kama mtu anayenunua kiwanja. Kisha akachukua karatasi juu ya friji, akaulaza mlango juu ya magoti yake na ya Placide, akasainia hapo hapo. Alitoa sharti moja: mtoto haondoki na msafara wa watu bila wazee wake.

Ndiyo maana ukumbi wa Houston uliona Wakongo wawili wenye makoti katika safu ya mbele. Kethia alipanda jukwaani na hotuba ya kurasa sita, akaitazama, akaikunja. Akasema, kwa Kiingereza na Kihispania, mnauliza sisi ni ukoo gani, na akaanza na zile ndoo. Alipofika kwenye zile saini za wazazi, Placide alishindwa kujizuia.

"Mashahidi wako wapi?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya posa.

Iván hakujua hata neno moja la hayo. Lakini alijua zamu yake, akaingia jukwaani na mlango begani.

Kombe walirudi nalo kwenye pikapu, limefungwa kamba pamoja na mlango. Mbuzi saba waliliwa Jumapili iliyofuata, na hadi leo Placide hujisifu kanisani kwamba yeye peke yake katika Texas nzima amekula mahari na binti akabaki nyumbani.